Safari fupi za umisheni na gharama zake

Safari fupi za umisheni, za wiki au miezi michache, zilishika kasi miongoni mwa vijana wa makanisa ya Marekani baada ya Loren Cunningham kuanzisha Youth With A Mission mwaka 1960. Thamani yake ilipimwa Honduras, baada ya Kimbunga Mitch kubomoa maelfu ya nyumba mwaka 1998. Wageni walikwenda kuchanganya saruji na kubeba matofali. Mtafiti Kurt Ver Beek alionyesha kuwa kundi moja lilitumia takriban dola 30,000, nauli zikiwamo, kwa nyumba moja. Mashirika ya Kikristo ya huko yalijenga kwa dola 2,000 hivi. Urafiki ulipatikana, lakini kwa familia zisizo na paa, fedha zingefaa zaidi.