Majina ya Fedha Vijiweni

Majina ya fedha yanayotumiwa na vijana vijiweni, Dar es Salaam na Nairobi, huishi muda mrefu kuliko fedha zenyewe. Moja la kale ni thumuni, yaani senti 50. Kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, na kilichogawanywa ni riali, fedha iliyozunguka pwani kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki kuanza mwaka 1921. Riali ilihesabiwa shilingi nne, kwa hiyo nusu shilingi ikarithi jina la thumuni ya riali.

Dala, yaani shilingi tano, ina kisa kirefu zaidi. Shilingi 20 zilifanya pauni moja, na hadi 1949 pauni ilipata dola nne za Marekani na ushei. Shilingi tano zikawa karibu sawa na dola moja, na huko Uingereza kwenyewe watu wa mitaani waliziita dola. Baadaye pauni iliporomoka, na mwaka 1966 Tanzania ikaanza kutoa shilingi yake, lakini sarafu ya shilingi tano iliendelea kuitwa dala. Mwaka 1983, shirika la usafiri la Dar es Salaam, UDA, likiwa limeelemewa na abiria, serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na makonda wakawa wananadi mlangoni: “Dala! Dala!” Basi likapata jina la nauli yake. Nauli imepanda mara nyingi tangu hapo, lakini daladala ni daladala.

Nairobi, bob ni jina la shilingi lililoachwa na Waingereza, na ashara, kumi ya Kiarabu, ikageuka ashu katika Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Noti ya 500 ndiyo iliyobeba siasa. Kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992, kundi la vijana wa chama tawala cha KANU lililoitwa YK'92, chini ya uenyekiti wa Cyrus Jirongo, lilimwaga fedha nyingi katika kampeni. Noti hiyo ikaitwa jirongo, na wengi wanaolitamka jina hilo leo hawakuwa wamezaliwa wakati huo.

Dar es Salaam ya sasa imeigeukia soka. Noti ya 10,000 ni nyekundu, rangi ya Simba, klabu yenye makao yake Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Kwa hiyo noti huitwa msimbazi, na shabiki wa Yanga, mahasimu wa Simba, naye huiita hivyo anapoomba chenji.