Ng'ombe wa Mchezo

Wageni wanaoshuka bandarini Mkoani huuliza mambo mawili. La kwanza ni karafuu, na hilo karibu hawana haja ya kuliuliza, maana wakati wa mavuno harufu yake huwapokea kabla ya mchukuzi. La pili ni mchezo wa ng'ombe. Wamesikia kwamba Wapemba wanacheza na ng'ombe kama Wareno, nao wanataka kujua kama ni kweli, na kama ng'ombe huuawa. Nimeulizwa suali hilo mara nyingi, nikiwa mwalimu na hata baada ya kustaafu, na siku zote nusu ya kwanza niliijibu kwa urefu na nusu ya pili kwa neno moja. Leo nusu ya pili nayo nitaipa haki yake.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Hutafutwa dume lenye nguvu, la mbegu yetu ya kienyeji yenye nundu, likafungwa kamba ndefu na kupelekwa kiwanjani. Zumari hulia, ngoma hupigwa, wanawake waliojifunga kanga huimba. Mchezaji humwendea ng'ombe na kipande cha nguo au fimbo, akamchokoza, na akivamiwa hukwepa. Akishindwa kukwepa hukimbilia mtini. Hapana upanga, hapana mkuki. Mchezo ukimalizika ng'ombe hurudi kwao, na mwenye ng'ombe aliyecheza vizuri hutembea kifua mbele kwa muda wa mwezi mzima. Wazee wetu waliucheza wakati wa kiangazi baada ya mavuno, na wengine wakiamini kuwa mvua ikikawia, mchezo huo huiita. Mpaka leo haujafa.

Umetoka wapi? Jawabu ambalo kila mtu analo mdomoni ni Wareno, na mimi mwenyewe nilisomesha hivyo kwa miaka mingi. Waandishi wa Kiingereza wa zama za ukoloni walipenda sana hadithi hiyo. Ina mantiki yake. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, Wareno wakaitia Pemba mkononi katika karne ya 16, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na hawakung'olewa hapo mpaka Waomani walipoiteka mwaka 1698. Miaka mia mbili inatosha watu kuigana michezo. Watu husema pia kuwa Mreno, tofauti na Mspanyola, hamuui ng'ombe mbele ya watazamaji, na sisi hatumuui, basi ushahidi umekamilika.

Lakini sheria ya Ureno iliyokataza kumuua ng'ombe uwanjani ni ya mwaka 1928. Wakati huo Wareno walikuwa wameshaondoka Pemba zaidi ya miaka 200. Na ng'ombe wetu ni wa nundu, na watu wa ng'ombe wa nundu wanaoizunguka bahari hii wana michezo yao. Kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, vijana humrukia fahali na kumng'ang'ania nundu, mchezo uitwao jallikattu. Madagaska, Wabetsileo wana savika, nao ni huohuo wa kumkumbatia ng'ombe nundu mpaka achoke. Oman, katika pwani ya Batina, mafahali hushindanishwa wao kwa wao, vichwa kwa vichwa. Sidai kwamba wetu ulitoka katika mojawapo ya hiyo. Ninalosema ni kwamba vyombo vya pepo za kaskazi na kusi vilikuja huku kabla ya merikebu za Mreno, na kila tukionacho kizuri au cha ajabu kwetu tuna haraka ya kumpa Mzungu. Mimi nadhani Mreno aliukuta mchezo, labda akauongezea kitambaa.

Na Mwingereza naye, aliyekuja kututawala mwaka 1890 na kututazama kwa kutikisa kichwa, alikuwa na yake. Nchini mwake fahali alifungwa kwenye nguzo, akaachiwa mbwa wamrarue, na watu wakacheza kamari. Mwaka 1822 mbunge mmoja, Richard Martin, alifanikiwa kupitisha sheria ya kuwakinga ng'ombe, farasi na kondoo na mateso. Mwaka 1824 kikaundwa London chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Na mwaka 1835 mchezo wa mbwa na fahali ukapigwa marufuku. Ni kusema kuwa babu wa yule bwana mkubwa aliyetucheka angeweza kuwa mmoja wa wapiga makofi.

Hapo ndipo nilipokuwa nikimaliza somo, wanafunzi wakacheka, na kengele ikalia.

Mwaka 1962 nilikuwa na umri wa miaka 12. Kwetu ni upande wa Kengeja. Baba alikuwa na gari la ng'ombe, akichukuzia watu karafuu kwa kupitia Mtambile hadi Mkoani, na kurudi na mchele, mafuta ya taa na mbao. Ng'ombe wake alimwita Subira. Jina lilimfaa. Anayeijua Mkoani anaujua ule mteremko wa kushukia bandarini. Gari lenye magunia likishuka pale humsukuma ng'ombe kwa nyuma, na ng'ombe mwenye pupa huvunja gari na miguu yake mwenyewe. Subira aliushuka hatua kwa hatua, amekaza magoti, macho chini, kama mzee anayeteremka ngazi za msikiti kwenye giza. Baba hakuwa na bakora garini. Alikuwa akimsemesha tu.

Mwaka ule ng'ombe wa mchezo alikosekana. Yule aliyezoeleka alikuwa mgonjwa, na wenye mchezo wakaja kumwomba baba. Baba hakutaka, lakini kijijini mtu hawezi kukataa kila kitu. "Mchukueni," alisema, "lakini huyu hajui mchezo." Nikapewa mimi kazi ya kumpeleka, kwani alinizoea.

Alikuwa kweli hajui. Alisimama kati ya kiwanja, zumari linalia, vijana wanamrukia huku na huku, naye anatafuna. Mmoja akampiga nguo usoni. Subira akafumba macho. Watu wakaanza kucheka, kisha wakaanza kuimba kumkejeli, na wenzangu wa chuoni wakanigeukia mimi: "Ng'ombe wa gari! Ng'ombe wa gari!" Msomaji aliyewahi kuwa mtoto wa kiume wa umri huo hahitaji kuelezwa zaidi.

Walipompumzisha, nilikwenda mbio nyumbani. Mama alikuwa kondeni. Nikachukua pilipili zilizobaki katika kinu, zile ndogo kali, nikazifunga katika jani la mgomba. Nilirudi, nikajifanya namfuta Subira pua, nikampaka puani penye tundu la kamba, ambapo hapakuwa pakipoa, na kilichobaki nikampaka machoni.

Sitaki kueleza sana. Alicheza. Alicheza mchezo ambao Kengeja haikuwahi kuuona. Vigelegele vilipaa, wale walioniimba wakanipiga mabega, na kwa muda wa dakika chache mimi nilikuwa mtoto wa mwenye ng'ombe. Kisha akaizungusha kamba kwenye mwembe, kamba ikaisha, naye akaja kwa nguvu zake zote na kuanguka juu ya mizizi. Mguu wa mbele ulivunjika juu ya goti. Mlio wake nilikuja kuusikia tena katika usingizi kwa miaka mingi. Hapakuwa na la kufanya ila kumchinja kabla hajafa, na nyama ikagawiwa.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama ng'ombe huuawa Pemba, hilo ndilo jawabu langu.

Baba alifika baada ya kisu. Akainama, akamtazama ng'ombe jicho, lililokuwa limevimba na jekundu. Akaniita. Akanishika mikono yote miwili, akaiinua mpaka puani mwake, kisha akaisogeza puani mwangu. "Nusa mwenyewe," akasema. Hakunipiga. Tulipokuwa njiani kurudi, akasema neno jingine moja tu: "Ng'ombe hana pa kwenda kushitaki, mwanangu. Na gari sasa litavutwa na nani?"

Lilivutwa na ng'ombe wa watu kwa kukodi, na nusu ya faida ikaenda kwa wenyewe. Ada ya skuli wakati huo ilikuwa ikilipwa. Elimu ilifanywa ya bure baada ya Mapinduzi, mwaka 1964. Mimi nilikaa nje muhula mzima, nikibeba mizigo kichwani pamoja na baba. Hakumwambia mtu kwa nini. Hata mama nadhani hakumwambia.

Nilikwenda Unguja kusomea ualimu, nikarudi, nikasomesha, nikawa mwalimu mkuu. Mafunzo ya dini tuliyasoma sote: yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya chakula, yule mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na amri ya kunoa kisu vizuri na kutokumchinja mnyama mbele ya mwenzake. Niliyasomesha kwa ufasaha. Na huku nikiyasomesha, watoto wangu walikuwa wakitoka darasani wakipiga paka mawe na kuwachapa punda wa watu, nami nikiwaona na kuwaita ofisini kuwachapa wao, jambo ambalo sasa naona lilikuwa ni kuwafundisha kitu kilekile kwa mkono mwingine.

Mara moja tu ndipo nilipoona watu wa kisiwani wakibadilika, tena kwa ajili ya mnyama ambaye hana mwenyewe. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye uso kama wa mbweha, haishi popote duniani isipokuwa hapa kwetu. Tulikuwa tukimla, na bunduki zilipozidi akakaribia kwisha. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wakaanza vikundi vya kumlinda, Kidike na kwingineko, na miaka isiyozidi 20 baadaye akahesabiwa kufikia kama 20,000. Hapakuwa na aliyechapwa. Watu walioneshwa thamani yake, wakaambiwa yeye ndiye anayetawanya mbegu za miti, na wageni wakaja kumtazama kwa malipo. Nakiri fedha ilisaidia. Lakini nimewaona watoto wa huko wakimwonesha mgeni popo aliyelala kichwa chini, nao wakinong'ona wasimwamshe.

Kwa ng'ombe mambo ni mazito zaidi, kwa sababu ng'ombe tunaye nyumbani. Tanzania Bara ilipata Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Mambo ya mifugo si ya Muungano, na Zanzibar ina Baraza lake. India walijaribu kwa njia ya mahkama: Mahkama ya Juu iliuzuia ule mchezo wa Tamil Nadu mwezi wa Mei 2014, na Januari 2017 umma ukajaa mitaani na ufukweni Chennai kuutetea, wakisema ni mila yao, mpaka jimbo likatunga sheria ya kuuruhusu, na Mei 2023 mahkama hiyohiyo ikaikubali sheria hiyo. Nilipoisoma habari hiyo sikujua niwe upande gani. Mila naipenda. Zumari likilia mpaka leo mguu wangu hauwezi kutulia. Na sikubali kwamba mtu anayekula kuku aliyelelewa katika kitundu kisichomtosha kugeuka anaweza kuja Pemba akatuita makatili. Ila hayo yote ni mabishano ya watu na watu. Subira hayumo ndani yake.

Miaka michache iliyopita vijana wa kijijini walinijia nyumbani Mkoani, wanne, wamevaa vizuri.

"Maalim, shikamoo. Tunakutaka uwe mgeni wetu wa heshima. Tunacheza ng'ombe."

Nikawaambia nitakuja kwa masharti. Ng'ombe asiyetaka kucheza arudishwe, na asichekwe mwenyewe. Kamba ifungwe pembeni mwa pembe, si puani. Kiwanja kiwe mbali na miti yenye mizizi ya juu. Maji yawepo, na kivuli. Na asipakwe kitu.

"Apakwe nini, Maalim?" akauliza mmoja wao.

Nikawasimulia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na sikudhani sauti ingeniishia njiani, lakini iliniishia. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia ya chai, akasimama nayo mpaka nilipomaliza. Hata yeye hakuwa akijua.

Yule kijana aliyeuliza akatazama chini. "Marehemu babu alikuwapo siku ile," akasema. "Alikuwa akitusimulia. Alisema ng'ombe wenu aliingiwa na shetani."

"Alisema kweli," nikamjibu. "Na jina lake nimekutajia."

Siku ya mchezo nilikwenda. Nilikalishwa kwenye kiti chini ya turubali, pamoja na wazee. Kabla ya zumari kuanza nikainuka, nikawaendea wale vijana wanne walioshika ng'ombe, nikawaambia wanipe mikono. Wazee nyuma yangu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mwalimu mkuu anayekagua kucha. Vijana hawakucheka. Nikainusa mikono yao, mmoja baada ya mmoja. Ilinuka kamba na samadi.