Kaseti ya Shosho Haijakufa, Imekosa Rangi Tu

Wasee, kaseti ya VHS iliyotumwa kutoka Marekani ikitoka bila rangi kwa TV ya nyumbani, ama picha ikiruka juu-chini, msiitupe. Hiyo shida iko na historia.

Marekani waliidhinisha rangi za NTSC 1953: mistari 525, karibu picha 30 kwa sekunde, kufuatana na stima yao ya 60 Hz. Lakini rangi zilikuwa zinayumba njiani. Huko Ujerumani, Walter Bruch wa Telefunken akaunda PAL, yenye inageuza sehemu ya ishara ya rangi kila mstari ndio makosa yajifute. Akili mob! Mistari 625, picha 25. Uingereza na Ujerumani Magharibi walianza kuitumia 1967, na Kenya pia tukaenda na PAL.

Sasa, rangi ya NTSC iko 3.58 MHz, ya PAL 4.43. TV ya PAL inatafuta mahali pake, haipati kitu, inakupa nyeusi na nyeupe.

Kabla fundi aseme kanda imekufa, hakikisha deki inasoma NTSC, na kile kiboksi cha kuhamisha video kwa kompyuta kimewekwa NTSC pia. La sivyo utahifadhi harusi ya auntie bila rangi, na utepe wenyewe unazidi kuzeeka.