Korongo wa Ihefu na Mchele Wetu

Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nikisoma kwa koroboi. Umeme ulikuwa wa mgao, na kila jioni wazee walijuliana hali ya bwawa la Mtera kana kwamba ni mgonjwa wa ukoo. Ihefu sikumsikia mtu akiitaja.

Ihefu ni tindiga lililo katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Masika mito ya milimani hufurika, na mbuga zote za pembeni hugeuka nyasi za majimaji. Humo hutaga korongo taji, ambaye tangu 2012 yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Humo pia hutua korongo weupe na vitwitwi wanaokimbia baridi ya Ulaya. Maji hutokea Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Tindiga likipungua chini ya kizingiti hicho, Ruaha Mkuu haupati hata tone, wala Mtera haipati kitu kutoka huko.

Mwaka 1993 ndivyo ilivyokuwa. Mto ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Lawama wakabebeshwa ng'ombe. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi. 2010 ikafika, ikapita. Kiangazi mto uliendelea kukatika.

Sisemi ng'ombe hali nyasi wala hakanyagi mayai. Lakini ng'ombe hachimbi mfereji. Juu ya tindiga kuna mashamba ya mpunga: Mbarali tangu miaka ya 1970, kisha Kapunga, na wakulima wadogo kwa maelfu. Mfereji ukiachwa wazi kiangazi, maji huishia shambani hata kama mpunga umekwisha vunwa, na korongo huko chini hubaki na udongo uliopasuka.

Basi nauliza: baada ya mavuno, maji yaliyomo mferejini ni ya nani? Nami nauliza nikiwa mlaji. Nyumbani kwangu, Jumapili, hatupiki mchele mwingine ila wa Mbeya.