Milambo, Mirambo na Visanduku 16

Chukua fumbo la herufi lenye visanduku 16, vinne kwa vinne. Unaunganisha herufi zinazopakana, wima, mlalo au mshazari, bila kukanyaga kisanduku mara mbili. Njia zinazowezekana ni zaidi ya milioni 12. Algoridhimu haizipiti zote. Inabeba orodha ya maneno iliyopangwa kama mti: K, kisha KA, kisha KAR. Kama hakuna neno linaloanza hivyo, tawi linakatwa, na yaliyo mbele yake hayatazamwi tena. Kasi yake yote inatokana na kukata huko.

Niliandika programu ya aina hiyo kutafuta majina ya njia ya misafara. Orodha ya kwanza niliitoa kwenye vitabu vya wasafiri wa Kizungu. Burton na Speke walifika Novemba 1857 mahali walipopaita Kazeh, ambapo leo ni Tabora. Programu inaipata KAZEH mara moja, jina ambalo ramani ya leo haina. Lusu ya Nzega haipati: inafika LU, inafika LUS, inakata.

Kisa kigumu zaidi ni cha L na R. Wanyamwezi husema L. Wageni wengi waliandika R. Mtemi aliyepigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871, akafariki 1884, vitabuni ni Mirambo. Shule ya sekondari ya Tabora yenye jina lake ni Milambo. Wilaya nayo ni Urambo! Alikokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, wapo wanaoandika Kwihara na wapo wanaoandika Kwihala.

Dawa rahisi ni kuzihesabu L na R kuwa herufi moja. Milambo akaonekana papo hapo. Ila kula na kura nazo zikawa neno moja, na mwaka wa uchaguzi sitaki utani huo.

Nikazirudisha zote mbili. Sasa kila jina linabeba tahajia zake zote, na kando yake mwandishi na mwaka. Mti umenenepa, utafutaji umepungua kasi. Safu ya mwandishi imejaa Waingereza na Wajerumani. Wapagazi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na kuyatamka majina haya kambi hadi kambi, hawamo hata mara moja. Kwa Lusu, safu hiyo bado iko wazi.