Karatasi ya Kodi Ufuoni Kisumu

Anayewaona wafanyabiashara wadogo wa Kisumu wakijikokota kujisajili katika eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) wa ankara za kielektroniki, anaweza kukata kauli haraka kwamba watu wa ziwani hawapendi kulipa kodi. Historia ya ufuo huu inamkanusha. Tangu enzi za ukoloni, ugomvi hapa haukuwa juu ya kulipa peke yake. Ulikuwa pia juu ya faida anayopata mlipaji baada ya kukabidhiwa karatasi yake.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo, na kodi ya nyumba ikaingia Nyanza miaka hiyohiyo. Ilihesabiwa kwa nyumba, kwa hiyo mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Stakabadhi aliyopewa ilimwepusha na mkono wa askari, basi. Haikumletea shule, wala haikumpa hatimiliki ya shamba. Ndiyo maana mkutano wa Lundha, Gem, Desemba 1921, ulioongozwa na vijana waliosoma Maseno kama Jonathan Okwiri, haukudai kodi ifutwe. Ulidai ipunguzwe, wanawake wasitozwe, kipande, kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika, kiondolewe, na serikali ijenge shule. Gavana Northey alikutana nao Nyahera mwaka 1922, na kodi ikashuka kutoka shilingi 16 hadi 12. Mwaka uliofuata mmisionari wa Kianglikana, Shemasi Mkuu (Archdeacon) W. E. Owen, alisaidia kuunda Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, jina la kikoloni la eneo hili. Ni kweli kwamba Owen alipunguza makali ya siasa za vijana wale, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, watu walikubali kujipanga kama walipa kodi, na kwa jina hilo wakaendelea kuidai serikali haki zao.

Sasa tuangalie ankara ya leo. Ina namba ya PIN ya muuzaji, namba ya udhibiti, na msimbo wa QR ambao mnunuzi anaweza kuuchanganua kwa simu ahakikishe si ya kughushi. Mashine za risiti za kielektroniki (ETR) zilizoletwa mwongo wa 2000 ziliwalenga waliosajiliwa kwa VAT. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipanua wigo ukawafikia wenye biashara kwa jumla, kisha ikaongeza kishindo: kuanzia Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato. Hapo ndipo mzigo ulipomwangukia mama muuza samaki wa ufuo wa Dunga. Samaki wake mbichi hatozwi VAT, na huenda hana deni lolote na KRA. Lakini hoteli ya mjini iliyonunua ngege kwake haikuweza kuondoa gharama hiyo bila ankara, kwa hiyo ilishawishika kwenda kwa msambazaji mkubwa mwenye kompyuta. Hakuna afisa wa kodi aliyeshuka ufuoni, na bado mama alipoteza mteja.

Wapo watakaosema si haki kulinganisha bunge tulilolichagua na gavana aliyetumwa kutoka London. Nakubali tofauti hiyo ni kubwa, na imeshaleta matunda: marekebisho ya sheria ya Desemba 2024 yalimruhusu mnunuzi kuandika ankara kwa niaba ya mkulima mdogo au biashara ndogo ambayo mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ni hatua njema kwa yule mama. Wengine watasema bila ankara matajiri wataendelea kuficha mauzo na kudai marejesho kwa risiti bandia. Ni kweli, na sitetei mfumo ufutwe. Lakini mnunuzi anapoandika ankara, muuzaji anaweza kubaki bila faida yoyote, kama mzee wa 1920 na stakabadhi yake. Wala tusiseme watu wa ufuoni wanaogopa kuandikwa. Kamati za usimamizi wa fuo (BMU), zilizowekewa kanuni mwaka 2007, hurekodi samaki wanaoshushwa ufuoni, na daftari likiwa wazi kwa mvuvi na mchuuzi linaweza kuamua ubishi wa kilo.

KRA ina ofisi Kisumu. Ishuke fuo za Dunga na Usoma pamoja na BMU, imsajili muuzaji penye mizani, na kila ankara inayoandikwa kwa jina lake imfikie kwenye simu yake, kwa lugha anayoisoma. Kisha mauzo yake ya mwaka mzima yachapishwe bila malipo kila anapoyahitaji, ayapeleke kwenye sacco kuomba mkopo. Taarifa hizo tayari ziko kwenye kompyuta za serikali.