Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Kitabu, Mtihani na Mafunzo ya Mwalimu wa Historia katika Pwani ya Mtwara

1.0 Utangulizi

Katika pwani ya kusini ya Tanzania, kati ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma, mwalimu wa Historia hufundisha akiwa amezungukwa na historia yenyewe. Mikindani lipo boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895. Ni katika pwani hiyohiyo ambako Livingstone alishuka mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Mtwara ipo bandari iliyozaliwa na Mradi wa Karanga, mradi ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika baada ya miaka michache, huku reli ya kwenda Nachingwea iliyojengwa kwa ajili yake ikifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na Wamakonde na Wamakua wanaishi pande zote mbili za mto.

Hata hivyo, wingi wa historia katika mazingira ya shule haumpi mwalimu nyenzo za kufundishia. Ili historia ya mahali iingie darasani, mambo matatu hayana budi kwenda pamoja: maandishi ambayo mwalimu anaweza kuyasoma na kuyatumia, mtihani unaothamini kile anachofundisha, na mafunzo yanayomwezesha kukifundisha. Wahenga walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Mhadhara huu unaonesha kwamba, tangu mwanzo wa karne ya 20, mafya haya matatu yamekuwa yakisogezwa kwa nyakati tofauti na kwa mikono tofauti, na kwamba lugha ya Kiswahili ndiyo iliyobeba gharama kubwa ya mwachano huo.

2.0 Maandishi ya Mwanzo

Mara nyingi hudhaniwa kwamba historia ya pwani ya kusini haikuandikwa na wenyewe. Dhana hii haina msingi. Mwaka 1907 Carl Velten alichapisha mjini Berlin mkusanyo wa nathari na mashairi ya Waswahili, na ndani yake zimo habari za miji ya kusini, zikiwamo za Lindi na Sudi, zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watu wa pwani. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 navyo vilipata mtunzi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye utenzi wake ulitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley mwaka 1957.

Maandishi haya yana thamani ya pekee kwa mwalimu, kwa kuwa yanaonesha jinsi watu wa miji hiyo walivyojieleza: nani alitangulia kufika, nani alipewa ardhi na nani, na ushuru ulikwenda kwa nani. Lakini njia iliyopitiwa na maandishi haya haikuelekea shuleni. Mkusanyo wa Velten ulibaki katika maktaba chache za Ulaya na za vyuo vikuu. Habari za Lindi na Sudi zilipata wasomaji wapya mwaka 1962, G. S. P. Freeman-Grenville alipozitia katika kitabu chake cha hati teule za pwani ya Afrika Mashariki, lakini humo ziliingia kwa Kiingereza. Maneno ya wazee wa Sudi yalitoka vinywani mwao kwa Kiswahili, nayo yakamrudia msomi wa Tanganyika kwa lugha ya kigeni.

Chombo kilichomkaribia mwalimu zaidi kilikuwa gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Gazeti hilo lilikuwa la serikali ya kikoloni na lilitumikia malengo yake. Pamoja na hayo, walimu na makarani walilisoma na kuliandikia, na kurasa zake zilipokea habari za kale, mila na mashairi kutoka wilaya mbalimbali. Kwa njia hiyo mwalimu wa shule ya mbali aliweza kupata kwa ukawaida maandishi mapya ya Kiswahili, na yeye mwenyewe kuwa miongoni mwa waandishi.

3.0 Baada ya Uhuru: Utafiti na Shule

Uhuru ulidai historia mpya, nayo ikaandikwa. Chama cha Historia Tanzania kilichapisha vijitabu vifupi vilivyokusudiwa kufika nje ya chuo kikuu. Miongoni mwavyo ni kile cha kumbukumbu za Majimaji cha G. C. K. Gwassa na John Iliffe cha mwaka 1968. Mwaka 1969 kilitoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na I. N. Kimambo na A. J. Temu. Katika miaka ya 1968 na 1969 wanafunzi wa chuo kikuu walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji. Kazi hii ilithibitisha kwamba kumbukumbu ya mzee wa kijijini ni ushahidi unaoweza kupimwa kama hati.

Katika kipindi hichohicho, baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi nchini kote. Hapa ndipo ufa ulipoanza. Utafiti mpya ulichapishwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali mwalimu wa shule ya msingi alifundisha kwa Kiswahili. Tasnifu na vitabu viliongezeka mlimani Dar es Salaam, lakini daraja la kuvifikisha Msimbati au Nanyamba halikujengwa kwa kasi hiyo.

Vyombo vya kitaifa vilifuata. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na Taasisi ya Elimu kwa sheria ya mwaka 1975. Aidha, mradi wa MTUU ulioendeshwa na Tanzania kwa ushirikiano na UNICEF na UNESCO ulileta wakufunzi wasafiri waliowafuata walimu shuleni. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote. Walimu waliohitajika walikuwa wengi kuliko vyuo vilivyoweza kuwatoa. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifanya kazi, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mikutano ya vituo vya kata. Hadi katikati ya miaka ya 1980 takribani walimu 35,000 walikuwa wamehitimu kwa njia hiyo.

Walimu hao mara nyingi wamesemwa vibaya. Ni haki kukumbuka kwamba bila wao madarasa mengi ya kusini yasingekuwa na mwalimu. Lakini pia ni kweli kwamba kijana wa miaka 17 au 18, mwenye kitabu kimoja cha kiada na sauti ya redio, hakuandaliwa kumhoji mzee, kulinganisha masimulizi mawili yanayopingana au kusoma hati ya kale. Jifya la mafunzo lilikuwepo, ila lilikuwa dogo kwa chungu kilichokusudiwa.

4.0 Jina la Somo na Karatasi ya Mtihani

Tangu miaka ya 1990 somo lenyewe limebadilika jina mara kadhaa. Katika mabadiliko ya mitaala ya miaka hiyo, Historia, Jiografia na Uraia viliunganishwa kuwa Maarifa ya Jamii. Mtaala wa mwaka 2005 uliyatenganisha masomo hayo. Mtaala uliofuata muongo mmoja baadaye ulirudisha Maarifa ya Jamii, safari hii pembeni yake likiwepo somo la Uraia na Maadili. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1995 na kustaafu miaka 30 baadaye amefundisha kisa kilekile cha Majimaji chini ya majina tofauti.

Kila badiliko lilikuwa na hoja zake. Kilichokosekana ni ulinganifu wa kasi. Mtaala hutangazwa kwa siku moja, kitabu huandikwa kwa miaka, na mafunzo humfikia mwalimu wa mwisho baada ya mwanafunzi wake kuwa ameshafanya mtihani.

Mtaala wa mwaka 2005 ulisisitiza umahiri, yaani mwanafunzi achunguze, alinganishe na aeleze. Lakini mwaka 2012 usahihishaji wa mtihani wa darasa la saba ulihamia kwenye mashine, na mtahiniwa akawa anajibu kwa kusiliba herufi. Faida ya kasi na usawa wa usahihishaji haikanushiki. Hata hivyo, mwalimu ni mtu wa busara: hufundisha kile kinachopimwa. Ikiwa karatasi inauliza mwaka wa tukio, saa ya kumhoji mzee inaonekana kuwa saa iliyopotea. Maswali machache ya kuandika majibu yaliyoongezwa baadaye yamepunguza tatizo bila kuliondoa.

Baraza huchapisha fomati za mitihani, na baada ya mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo zinaeleza swali lipi liliwashinda wengi na kwa sababu gani. Hizi ni miongoni mwa nyenzo bora alizonazo mwalimu wa Tanzania. Thamani yake hupatikana pale tu zinaposomwa katika kikao cha walimu na kugeuzwa kuwa mpango wa somo. Zikibaki katika kabati la mwalimu mkuu, hazimfai mtu.

5.0 Mafunzo Kazini

Mkoa wa Mtwara haukusahauliwa na miradi ya mafunzo. Ulikuwa miongoni mwa maeneo ya miradi iliyofadhiliwa na Marekani, wa TZ21 ulioanza mwaka 2011 na wa Tusome Pamoja ulioanza mwaka 2016. Lengo kuu la miradi hiyo lilikuwa stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya mwanzo. Lengo hilo lilikuwa sahihi, kwani asiyejua kusoma hawezi kusoma historia. Lakini mwalimu wa Historia wa darasa la sita alibaki nje ya duara.

Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA, umeleta mwelekeo tofauti. Msingi wake ni jumuiya za kujifunza ndani ya shule na katika vituo vya walimu, ambako walimu wenyewe huleta tatizo na kulijadili. Mfumo huu unalifaa somo la Historia, kwa sababu historia ya mahali haiwezi kuletwa na mkufunzi kutoka mbali. Sharti ni kwamba walimu wa kikao hicho wawe na kitu cha kusoma.

6.0 Kielelezo: Mpaka wa Ruvuma

Mfano mmoja unatosha kuonesha kinachowezekana. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mipaka ya Afrika Mashariki iliwekwa na wakoloni. Katika mlango wa Ruvuma maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani walivuka mapatano hayo na kuichukua Kionga, kusini ya mto. Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, askari wa Ureno waliitwaa, na stempu za posta zikapigwa chapa ya jina la Kionga. Mwaka 1919 mapatano ya amani yaliiacha mikononi mwa Ureno, na leo ni sehemu ya Msumbiji.

Kwa hiyo, watu wa eneo moja dogo walibadilishiwa dola mara mbili katika muda usiozidi miaka 25. Somo hili linaweza kufundishwa kwa tarehe tatu na ramani moja. Linaweza pia kufundishwa kwa picha ya stempu, kwa masimulizi ya familia zenye ndugu ng'ambo, na kwa swali: mpaka ulibadilisha nini katika kuoa, kuuza samaki na kuzika? Swali hilo si la zamani tu. Vita vya ukombozi vya Msumbiji kuanzia mwaka 1964 viliwaleta wakimbizi upande wa kaskazini, na machafuko ya Cabo Delgado yaliyoanza mwaka 2017 yalivuka mto Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa. Mtoto anayeishi mpakani asiyejua mpaka ulivyotengenezwa atapewa maelezo yake na mtu mwingine, na pengine mtu huyo hatakuwa mwalimu.

7.0 Lugha ya Historia

Mtaala wa mwaka 2023 una jambo linalowahusu moja kwa moja wanazuoni wa Kiswahili. Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili hata katika shule za sekondari. Hapo awali somo la Siasa liliwahi kuwa na nafasi ya namna hiyo kando ya Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi aliyejifunza Majimaji kwa Kiswahili akiwa darasa la sita hatalazimika tena kuanza upya kwa Kiingereza ili aeleze jambo alilolijua.

Fursa hii inadai kazi. Ukoloni, ubeberu, ukabaila na umwinyi ni istilahi zilizozoeleka, lakini istilahi za kupima ushahidi, kama hati, simulizi, chanzo na upendeleo wa chanzo, bado hazina matumizi yaliyotulia darasani. Kazi ya pili ni kurudisha maandishi. Habari za Sudi na Lindi zinahitaji matoleo mepesi ya shule, katika Kiswahili chake cha asili, yenye maelezo ya maneno yaliyopitwa na wakati.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haioneshi uhaba wa nia njema. Kumekuwa na vitabu bila mafunzo, mafunzo bila vitabu, na mitihani isiyouliza kile ambacho vyote viwili vilikusudia. Vyuo vya ualimu vya Mtwara na idara za Kiswahili na Historia za vyuo vikuu vina nafasi ya kuyakutanisha mafya haya: hati moja ya pwani iliyohaririwa kwa ajili ya shule, kikao kimoja cha walimu kilichoisoma, na swali moja la mtihani linalomtaka mwanafunzi aipime. Wazee waliosimulia habari za Sudi wametimiza sehemu yao kwa zaidi ya miaka 100. Mjukuu wao wa darasa la sita bado anasubiri kuzisoma.